Mkate Uliotoka Laini

Mimi nikikasirika, mtaa mzima unajua. Nitafoka, nitapiga meza, halafu baada ya nusu saa nakuuliza umeshakula? Yameisha hayo. Mdogo wangu sivyo. Yeye ukimuudhi anafunga mdomo na kuhamia kwenye unga. Anaukanda utadhani ndio uliomtukana, hauachi hata uumuke vizuri, na kesho yake mkate unatoka mgumu. Wateja walishazoea. Fundi viatu, jirani yetu, akiuma tu ananikonyeza: "Leo umemfanya nini bwana mdogo?"

Tumebaki wawili tu tangu baba atuachie tanuri hili. Nikimkosa huyu, sina mtu.

Sasa juzi akaunguza trei nzima. Nikamwakia mbele ya wateja: "Baba angejua ulivyo mzembe, asingekuachia hata mwiko!" Ulimi wangu huu, jamani! Alifuta meza, akaingia ndani. Roho iliniuma, maana nilijua nimepitiliza. Lakini nikajiambia, atakanda, yatamwisha.

Asubuhi nikachukua mkate, meno nimeshayaandaa. Ulikuwa laini. Laini ajabu, haijapata kutokea tukishagombana. Nilifurahi mimi! Nikamtania, "Kumbe siku hizi una moyo mkubwa hivyo?"

Akatabasamu. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

"Dada, kiwanda cha biskuti waliniita kazini zamani, sasa nakwenda. Naanza kesho."

Nikauweka mkate chini. "Kwa neno moja tu lile? Si ungeniambia kama umekasirika!"

"Nimekwambia miaka yote, dada. Ulikuwa unakula." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Safari hii nimekanda, nikaona hata hasira sina. Nikajua basi."

Ningelia pale pale ingekuwa afadhali. Lakini ndivyo nilivyo: nikaanza kufoka. Nikamwita mtovu wa shukrani, nikakitukana kiwanda na biskuti zake, nikapiga meza mpaka aproni ikaanguka. Yeye akasimama akinisubiri nimalize. Akaiokota, akaikung'uta unga, akairudisha mahali pake. Akanishika bega, akatoka.

Baada ya nusu saa hasira zikaniisha, kama kawaida yangu. Nikageuka kumuuliza kama ameshakula.