Sauti Kwenye Nyuzi Arobaini na Moja

Saa nne asubuhi Mama Chiriku, mkokotoaji wa antena, alilaza mezani grafu mbili za antena mpya, moja ya kompyuta na moja ya vipimo. Antena yenyewe ilikuwa bamba jembamba, limechapwa vipande kumi na sita vya shaba, kama vifungo vya shati. Kompyuta ilikuwa imeligawa katika pembetatu ndogo elfu tisa na kuzikokotoa zote. Mistari ililandana kila upande, isipokuwa kwenye pembe ya nyuzi arobaini na moja. Hapo bamba lilipokea kitu ambacho hesabu haikukijua.

Akazifanya pembetatu ziwe ndogo zaidi. Kitu kikabaki. Akavaa visikizio.

Alikuwa mumewe, fundi wa minara, aliyeanguka akafa miezi saba iliyopita.

"Mama Chiriku," alisema, "niliuvaa mkanda. Ulikuwa umechakaa, ukakatika."

Taarifa ya kampuni kuhusu ajali ilisema marehemu hakuvaa mkanda wa usalama.

Mkuu wa maabara akaitwa, akasikiliza. "Ndiye. Mbishi vilevile."

"Basi irekebisheni taarifa."

"Ilishafungwa, shemeji. Na bamba linatakiwa Ijumaa. Hiyo sauti iandike kuwa ni kelele tu, halafu uiondoe."

Antena hutuma kulekule inakopokea. Kwa hiyo mchana alimleta bintiye wa miaka mitatu, akamkalisha mbele ya kipaza sauti.

"Baba, viatu vyangu vina taa!"

"Acha uongo."

"Kweli! Nikiruka tu."

"Haya, ruka nizione."

Mtoto akaruka.

"Nimeziona," alisema baba.

Mtoto alipochoka kuruka, mama akavaa visikizio. "Wameniambia nikufute."

"Ukikataa?"

"Watampa mwingine kazi hiyo."

"Bora wewe, mke wangu. Una mkono mwepesi."

Alhamisi alipunguza unene wa plastiki iliyo chini ya shaba kwa robo milimita, akasogeza safu mbili za vipande. Kwenye nyuzi arobaini na moja mstari ukazama hadi chini ya karatasi. Grafu zikalandana. Wenzake wakampigia makofi, naye akasema asanteni.

Ijumaa fundi mpya alikabidhiwa bamba alipandishe mnarani. Mama Chiriku akamsogelea, akaushika mkanda wake kiunoni. Nyuzi zilikuwa zimefumuka.

"Huu umekwisha, kaka."

"Najua, dada. Wanasema mwezi ujao."

Fundi akaanza kupanda. Mama Chiriku alisimama chini, mikono ameikunjua mbele kama wa kumdaka, mpaka fundi aliposhuka.