Pine za Kiti cha Vicky

Siku mambo yote yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu, mwaka jana. Asubuhi hiyo Ruffin alimusukuma muke wake Vicky katika kiti chake cha magurudumu, kutoka Mantapala, makazi yetu wakimbizi huku Zambia, kwenda kliniki, kwa sababu kifua kilikuwa kimemubana usiku kucha. Walipofika kwenye daraja dogo wakakuta hakuna daraja. Yale magogo yaliyowekwa kwa muda, na muda wenyewe ulikuwa umekwisha zamani, maji yalikuwa yameyabeba. Wakakaa upande huu, Vicky juu ya kiti, Ruffin juu ya jiwe, mpaka alasiri maji yalipopungua. Ndipo akamubeba mugongoni, akavuka. Kule kliniki muganga alimwangalia Vicky kidogo tu, kisha akamufunika uso kwa kitenge.

Na simenti ya lile daraja watu wote waliiona kwa macho. Ilishuka kutoka kwenye lori, ikaingia katika depo ya komite ya barabara, mulango ukafungwa. Ulipofunguliwa tena, ndani mulikuwa na mijusi tu.

Tangu hapo Ruffin alikuwa na jibu moja kwa kila jambo: wakubwa. Mahindi yakioza, wakubwa. Mutandao ukipotea, wakubwa. Kuku wake alipoacha kutaga, jirani yake Didier akamuuliza kama kuku naye ana mukubwa wake. Ruffin akajibu kwamba anaye, ni jogoo, na kazi yake ni kupiga kelele tu.

Kazi ya Ruffin ilikuwa kutengeneza kinga, kama baiskeli inavyoitwa upande wetu. Alikuwa na kibanda cha turubai sokoni, na sheria yake aliitangaza kwa sauti: kinga ya mukubwa hatengenezi.

Basi kiangazi hiki, gari likasimama mbele ya turubai, akashuka muzee Nkandu. Ruffin alimujua. Nkandu hakumujua Ruffin. Wakubwa huwa hawashiki sura za watu. Huyu Nkandu ndiye aliyekuwa kiongozi wa ile komite ya barabara. Nyuma ya gari alishusha kinga ndogo.

"Mwapoleni mukwai, ba fundi," akasalimu kwa Kibemba, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii ilikuwa yangu ya utoto. Baba alifanya kazi mu migodi, ku Kitwe. Muzungu mumoja alikuwa anarudia kwao, akamuachia. Sasa mujukuu wangu Beauty anakuya likizo. Nataka ikuwe kama zamani. Utaweza?"

Ilikuwa kinga ya mashindano, lakini ya mutoto. Fremu nyembamba, gido, yaani usukani, limejikunja kuelekea chini kama pembe za kondoo, kiti cha ngozi kimekauka na kupinda kama samaki wa juani. Chini ya kutu rangi ya kijani ilikuwa bado inachungulia. Ruffin alikuwa ameona moja tu ya namna hiyo maishani, kule Pweto, kwao Kongo, imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya bwana wa pamba. Alikuwa mutoto, akanyoosha mukono aguse kengele, mulinzi akamufukuza kwa fimbo.

Alifungua kinywa aseme ile sheria yake. Kinywa kikasema, "Iache hapa."

"Kumbe sheria ina mulango wa nyuma," Didier akasema gari lilipoondoka.

"Nyamaza."

Alianza kazi siku ile ile. Munyororo aliulaza ndani ya mafuta ya taa. Kabari za pedali zilikuwa zimeshikana na chuma kama ndugu wa tumbo moja. Akazipasha moto, akazigonga kwa kipande cha muti ili zisivunjike, siku ya kwanza zikakataa, siku ya pili zikatoka zenyewe kama watu wenye aibu. Kutu aliisugua kwa muchanga wa ziwa na ndimu. Rangi ya zamani hakuibandua. Pale ilipokuwa imetoka alipaka ile ya mitumbwi, akaichanganya mpaka ikafanana. Ngozi ya kiti aliilainisha kwa mafuta ya samaki, kwa kuwa mengine hakuwa nayo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, jioni ilimukuta bado anafanya kazi, na hakukumbuka kama alikula.

Kisha ikafika zamu ya pine, yaani ile mipira ya nje. Za zamani zilikuwa zimeoza, kimebaki kipande kilichoandikwa ishirini na nne. Ruffin akaenda Kashikishi kwa Chomba, muuza vipuri, akarudi na pine mbili mpya za ishirini na nne. Alizivuta, akazikanyaga, akazitukana. Ishirini na nne ya leo ilikataa kupanda juu ya rimu ya ishirini na nne ya zamani. Ilikuwa ndogo.

"Hata namba wakubwa wameipunguza," akamwambia Chomba alipozirudisha.

"Ba Ruffin, hizi zinatoka China."

"China nako kuko wakubwa."

Alirudi nyumbani na kamba aliyopimia ile rimu ingali mufukoni. Kiti cha Vicky kilikuwa pale pale, karibu na mulango. Hakuwa amekisogeza hata kidogo. Alikuwa akifagia kwa kukizunguka. Kwa kina Vicky, mutu akifa, vitu vyake havitoki nyumbani mpaka ndugu zake waje kuvigawa, na hao walikuwa ng'ambo ya ziwa. Ruffin alikiangalia kiti muda murefu. Akatoa kamba, akaizungusha kwenye gurudumu kubwa. Ncha mbili zikakutana, kama zilikuwa zimepatana tangu zamani.

Akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti. Pine za muke wake, kwa mujukuu wa Nkandu. Aliona afadhali kinga ile irudi kwao bila miguu.

Wiki hiyo hiyo akaja Kapinga, dada mukubwa wa Vicky, anayevusha samaki na unga kutoka Kilwa ya Kongo. Alishuka kwenye pikipiki na mabeseni yake, akalia kidogo mulangoni kama inavyopasa, akajifuta, akaingia. Jicho lake likaangukia gurudumu, kamba ingali imelizunguka.

"Shemeki, hii kamba ni ya nini? Ulifunga kiti kisikimbie?"

"Nilipima tu. Sikugusa."

"Ulipima bila kugusa. Basi weye uko fundi ya kweli."

Ruffin akamueleza. Kapinga alikuwa anacheka mpaka aliposikia jina la mwenye kinga.

"Ule wa daraja?"

"Ule ule."

"Na unamutengenezea?"

"Kinga haikukula simenti, dada."

Kapinga alivua viatu, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, akakitazama kiti. "Zaidi ya mwaka kinakaa hapa kama shefu wa kijiji. Hakifanyi kazi, watu wanakizunguka tu. Vicky hakupenda kitu cha kukaa bure, hata weye alikuwa anakufukuza kitandani. Toa pine."

"Kwa mutu yule?"

"Kwa mutoto. Na ule muzee atakuya mwenyewe kupokea. Sheria ya kwetu unaijua: anayepokea kitu cha marehemu anaambiwa mbele ya watu kilifanya kazi gani. Anajibu kwa mudomo wake, ndipo anakichukua."

Ruffin akakipindua kiti. Katika mifereji ya pine tope la Jumanne ile lilikuwa bado limo, kavu, jekundu. Alilitoa kwa kijiti, polepole, na muda wote huo hakumutaja mukubwa hata mumoja. Pine zilipanda juu ya rimu za kinga bila ugomvi.

Jumamosi Nkandu akaja na Beauty, musichana mwembamba wa miaka kumi. Kinga ilikuwa imesimama mbele ya turubai, kijani, gido limefungwa kwa utepe wa mupira, pine nyeusi. Beauty akainusa.

"Inanuka isabi."

"Samaki ni ya kufukuza wezi," Didier akamwambia. "Paka ndio watakusumbua."

Mutoto akacheka, akapanda, akaanza kuzunguka soko. Nkandu alimufuata kwa macho, kama mutu aliyeona baba yake anapita kwa mbali. Kisha akatia mukono mufukoni. "Ba fundi, bei ni gani?"

"Bei iko kwa huyu mama."

Kapinga alikuwa amesimama, kitenge amekikaza kiunoni. Hakupaza sauti. "Muzee, zile pine zilikuwa za kiti cha mudogo wangu, Vicky. Zilimupeleka ku kanisa. Zilimupeleka hapa ku soko, na ku mashamba ya mutama kufukuza ndege. Mwisho, siku ya mvua, zilimupeleka mpaka ku daraja lenu, zikaishia pale. Bwana yake akamubeba, akafika amechelewa. Sasa zinaenda kwako. Kwetu anayepokea anajibu. Na mwenye kuuliza ni huyu, alikuwa bwana yake."

Nkandu akamugeukia Ruffin, na safari hii alimwangalia usoni. Akavua kofia. Wauzaji wa jirani waliacha kupima unga. Upande wa pili wa soko magurudumu ya Beauty yalikuwa yanaimba.

"Ba fundi," Nkandu akasema, "hata miye nilikuwa na wakubwa wangu."

Neno hilo Ruffin alikuwa amelisema kila siku tangu mazishi. Leo, katika kinywa cha mutu mwingine, alilisikia jinsi lilivyo jepesi. Hakukasirika. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hao nitawauliza siku yao," akasema. "Leo nakuuliza weye uliyeshika ufunguo wa depo. Ile simenti ilienda wapi?"