Mume wa Mrina

Jumapili moja ya mwezi wa nane, mwaka tisini na nne, Melkior fundi redio alikuwa amechuchumaa nyuma ya ukumbi wa Eustace, pale Kashaulili mjini Mpanda, akimimina petroli kwenye jenereta, wakati watu waliokuwa wakicheza ndani walipoacha sakafu. Hakusikia kelele yoyote. Alisikia vishindo vya miguu vikikoma huku muziki ukiendelea, akadhani wamechoka. Alipochungulia dirishani aliwaona wote wako hewani, kama shubiri moja hivi kutoka chini, wanacheza kama kawaida. Dada mmoja wa Makanyagio alikuwa anafunga mkanda wa kiatu chake huku anaelea. Mwingine alimwomba mwenzake ainame amwokotee soda aliyoiacha sakafuni.

Eustace alikuwa mlangoni anakata tiketi.

"Unawaona?" Melkior akamuuliza.

"Nawaona. Afadhali. Vumbi la humu lilikuwa linanifukuzia wateja."

Jukwaani alikuwa Mrina, na kofia ya kurinia asali kichwani, wavu mweusi umemshukia mpaka kifuani, koti refu la mwanaume na mabuti ya mvua. Naye alikuwa juu, mabuti yananing'inia, vidole viko kwenye kinanda cha umeme. Mpanda nzima hakuna aliyemjua Mrina ni nani, isipokuwa Melkior, kwa sababu Mrina alikuwa mke wake.

Melkior akatazama miguu yake mwenyewe. Ilikuwa chini.

Mke huyo aliitwa Minza, binti wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao na kujenga pembeni ya Misunkumilo. Kinanda kilikuwa cha mzungu mmoja wa shirika la wakimbizi, aliyekileta kutengenezwa, akahamishwa, asirudi tena. Melkior alikifurahia kuliko kitu chochote alichowahi kukishika. Tangu ujana wake alitaka kuwa mwanamuziki, na kiangazi kizima alikaa nacho chumbani akibonyeza. Kilitoa sauti, hakikutoa muziki.

Siku moja alirudi kutoka sokoni akamkuta Minza amekaa kitandani na redio kaseti mbili za wateja. Alikuwa amekwenda stesheni kurekodi mabehewa yanavyogongana treni ikipangwa, amerekodi kinu cha jirani na njuga za ndama wa kaka yake. Alivichanganya vyote, kaseti hii juu ya ile, na juu yake akapiga kinanda kwa vidole vitatu. Ulikuwa muziki ambao haukuwahi kusikika popote, na ulikuwa mzuri. Melkior aliusikiliza amesimama, akahisi kitu kinashuka kooni kama kipande cha muhogo kisichotafunwa.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa nasikiliza wewe unavyokosea."

Eustace aliusikia muziki huo kwenye meza ya Melkior sokoni, akamtaka mpigaji aje ukumbini kila Jumapili mchana. Kukataa ilikuwa vigumu, lakini kumpeleka mke jukwaani akodolewe macho na walevi ilikuwa vigumu zaidi. Baba yake mdogo Melkior, marehemu, alikuwa mrina asali kule misitu ya Mlele. Kofia yake ilikuwa bado imetundikwa stoo. Melkior akaishusha, akamvika mke wake, akamvutia wavu mpaka chini.

"Humu ndani kunanuka moshi," Minza akasema.

"Utazoea."

Akazoea. Angeambiwa avae sufuria angevaa, mradi apige.

Baada ya ile Jumapili ya mwezi wa nane, watu walianza kuja kwa malori kutoka Kibaoni na kwingineko. Walicheza hewani, nguo zao zikirudi nyumbani safi, na kina mama waliokuwa wakilalamika kuhusu disko wakanyamaza. Yohani katekista aliulizwa kama jambo hili ni dhambi. Akajibu kwamba mtu ambaye miguu yake haigusi chini hawezi kusemwa anacheza dansi, kisha akaenda kuhakikisha mwenyewe, akanyanyuka na mkoba wake. Nkwabi, kaka yake Minza, akipitisha ng'ombe kando ya ukumbi, ng'ombe nao walipanda kidogo. Alisema inamsaidia, kwato hazichakai.

Sokoni Melkior alikaa na bisibisi yake akisikiliza wanavyomzungumza Mrina. Wengine walisema ni askari aliyetoroka Zaire. Wengine walisema ni mkimbizi wa Katumba aliyesomea muziki Bujumbura. Wasichana walisema ni mzuri wa sura, mtu akiwa na vidole vile hawezi kuwa na sura mbaya. Hakuna aliyesema ni mwanamke.

Hapo mwanzo Melkior alikuwa na wivu wa mume, na kofia iliumaliza. Sasa ulimjia wivu mwingine, wa fundi, ambao haukuwa na mtu wa kugombana naye. Wakisema "Mrina ni kiboko," moyo wake uliruka kama ameitwa yeye, halafu ukakumbuka. Chakula kikawa hakipiti. Minza akiimba jikoni, alimwambia apunguze sauti, mtoto wao Restu amelala, hata kama Restu yuko nje anacheza.

Na ni yeye peke yake aliyekuwa hanyanyuki. Alijaribu kuvua viatu. Alijaribu kucheza katikati ya watu, akabaki kichwa chake kiko usawa wa mabega yao. Alipunguza kula akadhani ni uzito, lakini Eustace, mwenye kitambi cha kubeba kwa mikono miwili, alikuwa akielea mlangoni na kitabu chake cha tiketi.

"Mama Restu," alimwambia mkewe siku moja, "mbona mimi huninyanyui?"

"Mimi simnyanyui mtu, baba Restu. Napiga tu."

"Sasa wananyanyuliwa na nini?"

"Sijui. Labda wanasikiliza."

"Na mimi si nasikiliza?"

"Wewe unasikiliza kama nitakosea."

Mwaka uliofuata alikuja mtu wa kaseti kutoka Tabora, jina lake Amosi, amevaa miwani ya jua na suruali ya kitambaa. Watu walimwelekeza kwa Melkior kwa vile ndiye aliyeonekana akibeba spika. Akakaribishwa chakula, ugali na samaki wa migebuka. Minza alimwinamia na jagi anawe.

"Bwana fundi, mimi namtafuta Mrina," Amosi akasema huku akisugua vidole. "Nataka kumrekodi, na sura yake ikae kwenye kava. Watu wamechoka kuona wavu."

"Umeshampata," Melkior akasema. "Ni mimi."

Minza aliendelea kumimina. Maji yakajaa beseni, yakamwagika mkekani.

"Shemeji, yametosha," Amosi akasema.

Mgeni alipoondoka, Minza alikunja mkeka akautoa juani. Alirudi akasimama mlangoni.

"Umemwambia ni wewe."

"Nimwambieje? Kwamba mke wangu ndiye anachezesha wanaume ukumbini, mimi namwaga petroli? Watanicheka mpaka Sumbawanga."

"Na mimi nikisema?"

"Sema. Mwambie yeyote unayemtaka, uone."

Akasema. Alimwambia Josephina, jirani yake, wakiwa kisimani. Josephina alicheka kwa upendo kabisa, mpaka akakalia ndoo, akasema kweli mama Restu unajua kumtuliza mtu moyo. Alimwambia Eustace, naye akamjibu kwamba anaelewa, hata mke wake yeye husema ukumbi ni wa kwake. Akaenda kwa Nkwabi, akamwonyesha vidole vilivyoota sugu. Nkwabi alivitazama sana. Kaka huyo alikuwa akimsikia dada yake akiimba tangu utotoni, akijua anachoweza.

"Najua ni wewe," akasema. "Lakini ukimwaibisha shemeji, utaishi wapi? Msaidie tu."

Minza alirudi nyumbani akamkuta mumewe anapiga pasi shati.

"Jina chukua," akamwambia. "Kinanda hakitoki humu ndani."

Melkior alikuwa amejiandaa kwa machozi, hata kwa kelele. Aliyataka. Alitaka kumwona, japo mara moja, amekabwa na kitu kile kilichokuwa kinamkaba yeye. Minza akachukua pasi akaongeza mkaa.

Kwa kuwa kinanda hakitoki, Melkior alichonga kingine cha mbao, akakipaka rangi, funguo nyeupe na nyeusi. Jumapili ikafika akapanda jukwaani na kofia, koti na mabuti, kaseti ya mkewe ikiwa kwenye mashine chini ya meza. Akabonyeza mbao. Watu wakanyanyuka kama siku zote. Yeye alibaki chini, ila jukwaa lilikuwa la juu na hakuna aliyepima.

Katikati ya ngoma ya pili, aliona ndio wakati. Akazima mashine. Watu wakatua taratibu, viatu vikigusa sakafu kimoja kimoja. Akavua kofia.

"Kumbe fundi!" mtu akasema.

Makofi yakapigwa mpaka mabati yakatetemeka. Eustace alimkumbatia, na hakuna aliyekumbuka kuuliza jukwaani alikuwa nani siku zile fundi alipocheza katikati yao. Amosi akapiga picha, akamwambia ainue kidevu, akapiga nyingine. Wale wasichana wa sokoni walisema walijua tangu mwanzo, vidole vyake walikuwa wanavitazama kila wakileta redio. Melkior akawasha tena, watu wakapanda, na safari hii walipanda zaidi, mpaka wengine wakainamisha vichwa wasiguse boriti.

Minza alikuwa nyuma kabisa, Restu mgongoni, hana kofia wala wavu, kitenge chake cha kawaida. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia muziki wake akiwa miongoni mwa watu. Alinyanyuka pamoja nao. Josephina alimshika mkono akamwambia, "Una bahati, mama Restu." Kutoka jukwaani Melkior alimtafuta usoni. Alitafuta wivu, ndicho alichokuwa amekuja kukitafuta, kuliko hata makofi. Macho ya Minza yalikuwa yamefumba, na midomo ilikuwa inahesabu mapigo.

Kijana mmoja akauliza mbona Mrina mwenyewe hapandi.

"Akipanda na yeye, kinanda kitashikwa na nani?" Amosi akajibu, na watu wakaona ni sawa.

Kesho yake asubuhi Minza aliweka chai na viazi vitamu. Melkior hakushika kikombe.

"Jana ulikuwepo," akasema. "Hukuona vibaya?"

"Niliona vibaya."

Melkior akasogeza kiti karibu.

"Ile ngoma ya pili," Minza akasema, "umeizima kabla haijafika kwenye njuga. Zile njuga ndizo nilikuwa nazitafuta mwezi mzima."

Kaseti ya kwanza ilitoka na sura ya Melkior, kidevu juu. Ikafuatiwa na nyingine. Alikwenda Tabora, Kigoma na Urambo, na kinanda chake cha mbao ndani ya sanduku zuri lenye kufuli. Sumbawanga harusi nzima ilivuka ukuta wa kanisa bila kupitia getini, na padri akasema mradi wamefika. Aliporudi alileta vitenge, sukari na sabuni, na watu wa Kashaulili walimwita Minza mama Mrina.

Wivu haukupungua. Ulinenepa. Kila kofi alilopigiwa Kigoma alilisikia kama linampita begani kwenda kwa mtu aliyekaa nyumbani Mpanda anachambua mchele. Akiwa safarini aliota mkewe anapiga kitu ambacho hatampa. Akirudi, kabla hajaweka sanduku chini, alisimama mlangoni akisikiliza. Mara mbili alimwomba amfundishe. Minza alimfundisha kweli, kwa uvumilivu, akimshika kidole kimoja kimoja. Ila Melkior akipiga sauti tatu alikuwa anageuka kuangalia mlangoni kama kuna aliyesikia, na ya nne inamponyoka.

"Acha tu," alisema mwishowe. "Ni kazi ya kukaa. Mimi ni mtu wa kusafiri."

Mwaka wa mvua zile kubwa reli ilikatika, Melkior akakaa nyumbani muda mrefu kuliko kawaida. Amosi alituma ujumbe kwa dereva wa lori kwamba wanasubiri ngoma mpya. Alasiri moja mvua ilipumzika, jua likatoka, na Melkior akaingia chumbani kuuliza imefika wapi.

Minza alikuwa juu, amekaa kwenye kigoda chake, kinanda mapajani. Kigoda nacho kilikuwa juu. Melkior alikuwa hajawahi kumwona amefika pale. Nywele zake zilikuwa zinagusa boriti, na juu ya boriti upepo ulikuwa umeng'oa bati moja, anga limeonekana, bluu, limeoshwa. Alikuwa anapiga kitu cha taratibu chenye sauti ya maji yanayotoka kwenye bati kuingia kwenye ndoo. Melkior alisikiliza. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Aliangalia lile tundu, akaangalia mabega ya mkewe, akayapima kwa macho. Yalikuwa yanapita.

Akatoka akarudi na kamba ya katani. Akapanda kitandani, akafunga ncha moja kwenye mguu wa kigoda, ncha nyingine kwenye mguu wa kitanda, akakaza kwa fundo la kufungia mizigo.

"Ya nini?" Minza akauliza bila kuacha kupiga.

"Usije ukajigonga."

Minza aliangalia kamba, kisha akaangalia waya uliokuwa umetoka kwenye kinanda kwenda kwenye betri ya gari chini, umevutika mpaka mwisho.

"Basi ifupishe kidogo," akasema. "Waya unataka kuchomoka."

Melkior akaifupisha. Kigoda kikashuka kiasi.

"Inakubana?"

"Hainibani."

"Itakuwa tayari lini?"

"Keshokutwa."

Nje vijana walikuwa wamemwona alipotoka kuchukua kamba na sasa walikuwa wanaita, Mrina, Mrina. Melkior akavaa viatu vyake, akajitazama kwenye kioo, akainua kidevu, akatoka kuwaitikia.