Aliyeshika Kamba

Mama alilitoa ombi lake mezani, wakati wa chai, kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe sukari. Alitaka picha ya marehemu.

"Nikishatolewa huyu mtoto wa jicho," alisema, "kitu cha kwanza nitakachokitazama ukutani kisiwe kalenda ya kampuni ya bima."

Kalenda hiyo ilining'inia pale ilipokuwa picha ya arusi. Bomba lililopita juu ya dari lilipasuka nyumba ikiwa haina mtu, na waliporudi walikuta albamu zimegandamana kama tofali bichi. Binti mkubwa, ambaye ni mpima ardhi na haamini kwamba kitu kimeharibika mpaka akikague mwenyewe, alikaa siku nzima akijaribu kuzibandua kurasa kwa kisu cha siagi. Aliambulia vumbi la rangi. Iliyosalia ni picha ya kitambulisho cha pensheni, ya ukubwa wa ukucha: kipara kinachong'aa, na muhuri uliopigwa sawasawa juu ya pua. Mama hakuitaka. Alisema hiyo ni picha ya muhuri, mumewe kajipitia tu.

Kwa hiyo jirani alipokuja na habari kwamba kwenye tamasha la urithi wa bandari kuna picha kubwa ya mzamiaji wa zamani, hakuna aliyeuliza kama watakwenda. Baba alikuwa mzamiaji wa bandari, wa enzi za kofia ya shaba na viatu vya risasi. Alikagua matumbo ya meli, akafungua kamba zilizonasa kwenye rafadha, panga la kusukumia meli, akaokota chini ya maji vitu ambavyo mabaharia walikuwa tayari wamevisomea talaka. Wazamiaji wa aina hiyo walikuwa wawili tu, yeye na mwenzake aliyeitwa Kobe. Jirani aliongeza jambo la maana zaidi: familia ikiweza kuthibitisha aliye pichani ni nani, inapewa nakala. Na siku ya mwisho ya tamasha ilikuwa Jumapili.

Jumapili walitoka wote: Mama katika gauni lake la bluu, binti mkubwa, mdogo wake wa kiume ambaye ni fundi wa majokofu, na mtoto wa fundi, msichana wa miaka mitano waliyemwita Maswali.

Gati la zamani lilikuwa limefurika watu. Winchi ya mvuke ilikuwa imepakwa rangi upya na watoto walikuwa wakiipanda. Bendi ya tarumbeta ilipiga mbele ya ofisi ya forodha iliyofungwa siku nyingi. Kwenye hema moja wanawake walionyesha jinsi turubai za meli zilivyoshonwa, na kwenye hema la pili mzee mwenye miwani alisokota kamba kwa mashine ya mkono huku akiwafukuza wanaotaka kuigusa.

Mama aliona vivuli tu. Alitembea ameshika mkono wa binti yake, na waliongea kwa njia ya nyumbani kwao. Baba aliwafundisha wote ishara za kamba tangu wadogo, kwa kuwavuta mkono akiwavusha barabara: mvuto mmoja, niko salama; mivuto miwili, nilegezee; mivuto ya mfululizo, nipandishe juu. Walipolikaribia ghala la maonyesho, Mama alivuta mfululizo.

"Nipandisheni kwenye kiti," alisema. "Miguu imegoma. Nyie nendeni mkaone, mkimpata mje mnichukue. Mke mwenzangu atanilinda."

"Mimi si mke mwenzako, mimi ni mjukuu," alisema Maswali.

"Ndiyo maana babu yako alikuwa akinificha karanga akakupa wewe?"

Wakamwacha kwenye benchi ya kivuli, nje ya mlango, yeye na mke mwenzake, na chupa ya maji.

Picha ilikuwa mwisho wa ghala, imekuzwa kufikia urefu wa mlango. Mzamiaji alisimama kwenye ngazi ya gati, maji yamemfika mapajani, kofia ya shaba imefungwa tayari kifuani. Kioo cha kofia kiliakisi jua, uso haukuonekana. Juu yake, ukingoni, kijana mwembamba alikuwa ameipitisha kamba nyuma ya mgongo wake na kuishika kwa mikono miwili. Nywele zake zilikuwa nyingi, zimesimama kila upande kama zimeshtushwa.

"Baba," alisema fundi. "Dada, ni Baba huyu."

"Ni kofia hii," alisema dada yake.

"Na ndani ya kofia kuna nani, pweza? Tazama alivyojaa kifuani."

"Nguo ile hata ukimvisha mlingoti wa bendera itajaa kifua. Wazamiaji walikuwa wawili. Anaweza kuwa Baba, anaweza kuwa Kobe."

"Kobe si huyo aliyeshika kamba? Baba si ndiye aliyekuwa akizama? Maisha yetu yote ametusimulia ya chini, hakuna hata siku moja aliyotusimulia ameshika kamba."

Hilo lilikuwa kweli, na mpima ardhi alilikubali kama hoja. Lakini hoja haijawa ushahidi. Kazini alikuwa ameona ndugu wa tumbo moja wakiacha kuzikana kwa sababu mtu alichomeka jiwe la mpaka mahali alipodhani. Hakutaka kumchomekea Mama ukutani mume wa mwanamke mwingine, aje amwage machozi ya kwanza ya macho yake mapya kwa mtu asiyehusika.

"Sema tu ni yeye," alinong'ona fundi. "Nani atakayepinga?"

Aliyepinga alikuwa karibu. Binti wa maonyesho, aliyevaa fulana ya tamasha na kalamu nyuma ya sikio, aliwasikia akasogea.

"Huyu wa kofia ameshapata wenyewe," alisema kwa upole. "Binti yake alikuja juzi. Kwao wanayo picha hii hii, nyuma baba yao ameandika kwa mkono wake: mimi ndani ya kofia. Nimeiona." Akataja jina la mtu wasiyemjua, jina la heshima, jina na jina la baba.

Mpima ardhi akauliza, kwa sababu swali lilikuwa halijaulizwa: "Na huyu wa kamba?"

"Huyo hawakumjua kwa jina lake. Walijua tu kwamba kazini aliitwa Kichaka. Je, ni wenu?"

Wakaitazama ile misitu ya nywele. Wakakikumbuka kile kipara, ambacho Maswali alizoea kukipigia ngoma, ambacho Baba alikipaka mafuta kila asubuhi kwa makini kuliko alivyopiga mswaki.

"Hapana," alisema fundi. "Baba yetu hakuwa na kichaka. Hakuwa na hata unyasi."

Wakamshukuru, wakatoka. Walipita mbele ya nanga zilizopangwa sakafuni bila kuziona. Mpima ardhi alikuwa akitunga sentensi ya kumwambia Mama, akiifuta, akiitunga upya. Alipofika kwenye benchi aliitoa ile fupi kuliko zote.

"Mama, si yeye."

Mama alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga.

"Ni nani basi?"

Binti alimtajia lile jina. Mama aliinua uso.

"Litaje tena."

Akalitaja tena.

"Huyo si ndiye Kobe!" Mama alipiga paja. "Jina lake la kanisani hilo. Nimelisikia siku moja tu, siku ya maziko yake, nikajiuliza wanamzika nani. Kwa hiyo Kobe ndiye yuko majini?"

"Ndiyo. Familia yake ina ushahidi."

"Na juu yuko nani?"

"Mtu mwingine. Kijana mmoja hivi ana nywele kama kafukuzwa na radi. Walimwita Kichaka."

Mabega ya Mama yakaanza kutikisika, na mwanawe akamshika akidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Nyie watoto! Nyie mna macho manne mazima, mimi sina hata moja, nami ndiye niwaonyeshe? Kobe akiwa chini, juu anabaki nani? Mlidhani kamba ilifungwa kwenye mnazi?"

"Mama, Baba alikuwa kipara," alisema fundi.

"Alizaliwa na kipara? Mimi niliolewa na kipara? Nywele za baba yako nilizivunjia vitana! Zilianza kupukutika dada yako akiwa tumboni, na kila aliyemwita Kichaka alimtonesha kidonda. Nililipiga marufuku lile jina mlangoni kwangu. Kobe mwenyewe alipojisahau siku moja akalitaja, chai yake niliirudisha jikoni."

"Lakini hakuwahi kutuambia alishika kamba."

"Angewaambia nini? Leo nimesimama, nimeshika kamba, Kobe amerudi mzima, nimekuja kula? Walipokezana. Leo wewe, kesho mimi. Ukishika kamba vizuri huna hadithi."

Mpima ardhi alisimama pale akiipima habari hiyo. Ilikuwa nzuri mno, na kitu kikiwa kizuri mno yeye hukikagua kwa mara ya pili. Kobe chini: imethibitishwa. Kichaka juu: familia ya Kobe imesema bila kuulizwa na Mama, na Mama amesema bila kuiona picha. Kilibaki kitu kimoja cha kulinganisha na uso wenyewe.

"Turudi ndani," alisema. "Wote."

Njiani mkanda wa kiatu cha Maswali ulichomoka. Walikuwa wameshafika mbele ya picha, kwa hiyo fundi alipiga goti papo hapo kuurudisha kwenye tundu lake. Dada yake alimtazama kwa kukosa subira, na hapo akaona. Ncha ya ulimi wa fundi ilikuwa imetokeza kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, kama kila mara anapofunga skrubu ndogo, kama alipokuwa akijifunza kuandika, na Mama akimwambia siku moja kuku ataudonoa.

Akainua macho. Kijana wa kwenye picha alikuwa akiitazama kamba inayoshuka kwa Kobe, na ncha ya ulimi wake ilikuwa imetokeza kwenye pembe ya kushoto ya mdomo.

"Usiinuke," alimwambia mdogo wake.

"Kuna nini?"

"Usiurudishe ulimi ndani. Tazama juu."

Fundi alitazama, goti chini, kiatu cha mtoto mkononi. Hakuurudisha ulimi kwa muda mrefu.

"Babu anafanya kama baba!" alisema Maswali. "Shangazi, babu alinyolewa na nani?"

Hapo mpima ardhi alimwendea binti wa maonyesho na kumtajia jina la baba yake, jina na jina la baba, akamwonyesha namna linavyoandikwa. Alilitaja kama anavyosoma vipimo, neno kwa neno, asiongeze kitu. Sauti ilimkatika mahali pamoja tu.

Binti wa maonyesho aliliandika kwenye kibandiko cheupe, akakibandika chini ya kijana mwenye nywele, kisha akamwamkia Mama. "Shikamoo, mama. Huyu ni wako?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wangu na kichaka chake."

"Basi nina ujumbe wako. Yule binti wa mwenye kofia aliniachia namba ya simu. Alisema, akitokea mtu wa huyu Kichaka, nimwambie hivi: baba yetu alikufa kitandani kwake, mzee, na sisi tunajua ni kwa sababu ya nani. Ahsanteni."

Mama alipokea karatasi yenye namba kwa mikono miwili. Kwa miaka yote ya ndoa yake, kila sikukuu, alikuwa amempelekea Kobe bakuli la kwanza kabla hajamgawia mtu wa nyumbani, kwa sababu Kobe ndiye aliyekuwa akimrudishia mume. Hakuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa mji kuna mwanamke mwingine aliyekuwa na deni kama lake, na mwenye kumdai alikuwa mume wake yeye Mama.

"Kesho mtanipigia," alisema. "Na mimi nina ahsante ya kwao. Imekaa sana."

Kisha akaomba asogezwe. Picha ilikuwa mbele yake, kivuli cheusi ndani ya kivuli cheupe. Binti yake alimshika kidole cha shahada, akakiweka pale kamba ilipotokea kwenye maji, akakipandisha nayo polepole, ngazi, ukingo wa gati, mpaka kwenye mikono miwili iliyoikamata.

"Hapa ndipo aliposhika."

"Ameshika kwa nguvu?"

"Hapana. Ameshika vizuri tu."

Mama aliacha kidole pale. Mkono wake wa pili ulikuwa bado ndani ya mkono wa binti yake, na baada ya kitambo ulivuta. Mara moja.

Binti alijibu kwa mvuto mmoja.

Nakala walipewa ndani ya bahasha ngumu, na Mama akaibeba mwenyewe hadi nyumbani, amekataa kusaidiwa. Alisema isitundikwe kwanza; itundikwe siku atakapoweza kugombana nao kama imekwenda upande. Fundi hakubisha. Alipanda tu kwenye kiti, akaitoa ukutani kalenda ya kampuni ya bima, na msumari akauacha.