Maneno ya Baba Mdomoni mwa Sheng

Mama alipolitoa sandukuni lile vazi jeusi la sherehe, lililoshonewa safu za sarafu za fedha, Sheng Lor alinyoosha mikono kulipokea. Yeye ndiye kifungua mimba, na tangu utotoni alikuwa akiambiwa kwamba vazi lile ni lake. Lakini Mama alimpita, akaenda kumwekea mdogo wake, Gaonou, mabegani.

"Utalivaa kwenye karamu ya chuo," Mama akasema. "Wajue kwamba umetoka kwa watu."

"Mama, hili ni la dada," Gaonou akanong'ona.

"Vaa tu, msomi wetu," Sheng akadakia. "Mimi nitalivaa wapi? Kiwandani, jibini inipigie vigelegele?"

Akacheka. Mama naye akacheka. Gaonou peke yake hakucheka, maana alimjua dada yake.

Kicheko kile kilikuwa kimefunika kidonda cha miaka sita. Sheng naye alipata kukubaliwa na chuo hichohicho, chuo cha masista kule kando ya ziwa. Ada yake haikuwa ya watu kama wao. Jimbo lao la Wisconsin, Marekani, lilikuwa na fungu la kuwasaidia wanafunzi wa jamii zisizoonekana sana vyuoni, na Wahmong, watu wao waliokimbia vita kutoka Laos, walikuwamo, hata wakienda chuo cha binafsi. Akaomba. Akajibiwa kwamba fungu la mwaka ule limekwisha, ajaribu mwakani. Kabla mwakani haujafika, Baba, Nhia Pao, aliumia mgongo katika mashamba ya jinsengi, ile mizizi ya dawa, nje ya mji wa Wausau, akawa hawezi tena kuinama. Sheng akavaa kofia ya wavu na glavu, akaingia kiwandani kufunga jibini. Hakutoka tena.

Na sasa Gaonou, ambaye Sheng alimfundisha kusoma pale pale mezani jikoni, ameomba mara moja tu na kupewa. Jamaa wote wa ukoo walikuja kumfunga nyuzi nyeupe mkononi na kumwombea heri. Sheng alimfunga wa kwake akaukaza mpaka Gaonou akasema, "Dada, unaniumiza."

"Ili usikatike," Sheng alimjibu.

Karamu ya chuo ilifanyika Oktoba, majani yakiwa yameshaanza kupukutika. Zilialikwa familia za wanafunzi wote waliopata ruzuku ile. Gaonou aliingia ukumbini sarafu zikilia kila anapopiga hatua, na watu wakageuza shingo. Sheng alikuwa amevaa sweta lake la kijivu. Aliziangalia zile meza, madirisha marefu, na maji ya ziwa kule nje. *Hapa ningekaa mimi,* akawaza. *Kiti kile pale kingekuwa changu.*

Baada ya chakula, sista mkuu wa chuo akaomba mzazi mmoja aseme neno. Macho yake yakatua kwa Nhia Pao. Kiingereza cha mzee kilikuwa cha dukani tu, kwa hiyo Sheng akasimama naye kumtafsiria, kama alivyomtafsiria maisha yake yote, hospitalini, benki na shuleni.

Baba alikohoa kidogo, akasema kwa Kihmong, "Nilivuka mto Mekong mgongoni mwa mama yangu, nikiwa mtoto, askari wakitufuata. Leo mwanangu Gaonou ametuvusha mto wa pili. Katika watoto wangu wote, huyu ndiye taa ya nyumba. Ninawashukuru."

*Katika watoto wangu wote.* Sheng alikuwa amemshika baba yake kiwiko. Akakiachia. Akasogelea kipaza sauti.

"Baba anasema alivuka mto mgongoni mwa mama yake," akaanza kwa Kiingereza kizuri. "Anasema binti yake Gaonou naye amebebwa. Amebebwa na jimbo, amebebwa na chuo, na kabla ya hao amebebwa na dada yake, anayefunga jibini kiwandani. Anatumaini siku moja atashuka mgongoni mwa watu, atembee kwa miguu yake."

Ukumbi ukacheka, kisha ukapiga makofi mengi. Sista mkuu alifuta machozi. Gaonou aliyesikia lugha zote mbili alikuwa ameinamisha kichwa, na sarafu zilikuwa zimenyamaza kabisa.

Garini Baba alijaa furaha. "Mmeona walivyopiga makofi? Sheng, umetafsiri vizuri mno."

"Asante, Baba," Sheng akasema, macho yake barabarani. Utamu wa ile tafsiri ulikuwa bado ulimini mwake, na ulidumu siku kadhaa.

Mwezi uliofuata, theluji ya kwanza ikianguka, Gaonou alirudi nyumbani na masanduku yake yote. Mama akauliza, Baba akauliza. "Nimechoka," ndilo jibu pekee walilopata. Sheng alimkuta jikoni akikatakata mchaichai wa kuchemshia kuku.

"Msomi, likizo imeanza mapema?"

Gaonou akaweka kisu chini. "Nimeshuka mgongoni mwa watu, dada. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Una maana gani?"

"Unajua wananiitaje kule tangu karamu ile? Mbebwa. Nikipata alama nzuri, nimebebwa. Nikikosa, nimebebwa bure. Yule ninayelala naye chumba kimoja ananiambia, 'Usinune, hata baba yako alisema hivyo mbele ya watu wote.' Nimjibu nini? Kwamba dada yangu mwenyewe ndiye aliyenichongea?"

"Ulitaka niseme wewe ndiye taa ya nyumba? Na mimi ni nini, mafuta?"

"Ungekataa kutafsiri! Ungeketi!"

Nhia Pao alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mgongo wake. Hakuna aliyemsikia akija.

"Alisema nini?" akamuuliza Gaonou. "Nipe maneno yote."

Gaonou akampa, moja baada ya jingine, akiyageuza kutoka Kiingereza kuwa Kihmong. Sheng alitazama sakafu akingoja kukaripiwa. Mzee alivuta kiti, akaketi polepole.

"Kuhusu jibini hukudanganya," akasema mwishoni. "Lakini maneno haya umekaa nayo miaka yote, mwanangu. Kwa nini uliwapa wageni, na mimi baba yako ukaninyima?"

Sheng alitoka nje bila koti akasimama kwenye theluji mpaka Mama alipomfuata na blanketi.

Jumapili alipakia masanduku ya Gaonou garini yeye mwenyewe. Hawakuongea njiani. Walipofika alipanda naye mpaka chumbani, ambako yule msichana mwenziwe, Kirsten, alikuwa amelala kitandani akisoma.

"Baba yetu hakusema vile," Sheng akamwambia, akiwa bado hajatua sanduku. "Alimsifu. Yale yalikuwa yangu."

Kirsten alikaa wima, masikio mekundu. "Kwa nini sasa...?"

"Kwa sababu nilimwonea wivu. Wewe je, sababu yako ni ipi?"

Msichana akafunga kitabu chake. Sheng akaangalia chumba: meza ndogo, taa, dirisha lililotazama ziwa. Wivu ukamkaba upya, kana kwamba haujawahi kutajwa.

Gaonou alimsindikiza mpaka garini.

"Bado unanionea wivu?"

"Bado."

"Sana?"

"Sana. Hasa lile dirisha."

"Basi omba tena, dada. Hawaangalii umri, nimeuliza."

"Niwe nyuma yako darasani, unisahihishie insha? Thubutu!" Sheng akawasha gari. Kisha akashusha kioo. "Umemuuliza nani?"

"Sista mkuu. Alitaka kujua habari za yule mfunga jibini."

Sheng alisonya, akapandisha kioo, akaondoka. Kwenye taa za kwanza za barabarani alijikuta akipanga insha ya kuombea nafasi, kwa Kiingereza, sentensi moja moja. Na katika kila sentensi alikuwa akimshinda Gaonou.