Jozi ya Tatu

Saa tatu na robo asubuhi basi lilisimama kwenye kivuli cha ukuta wa mji uliokufa, na dereva akazima injini. Walishuka watu ishirini na wawili, jozi kumi na moja za mke na mume, wote wa kanisa moja, wote wamevaa kofia za njano. Kofia hizo zilishonwa na mke wa jozi ya tatu. Ya mumewe aliifumua na kuishona upya mara mbili, kwa sababu mzee alilalamika kwamba inambana kichwa. Shingoni kila mmoja alining'iniza beji yenye namba ya jozi na herufi. Mume alikuwa A, mke alikuwa B.

Utaratibu wa jozi ulitoka kwa huyo mume. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na sita, na ingawa alistaafu, watu waliendelea kumwita Mkuu naye aliendelea kuitika. Shuleni kwake mwanafunzi hakujiitikia mwenyewe. Aliitikiwa na mwenzake wa kitanda cha jirani, maana mtu anaweza kujidanganyia lakini mwenzake ndiye anayejua kama kitanda kimelaliwa. Kwa utaratibu huo Mkuu hakupoteza mwanafunzi hata mmoja, au kama alipoteza, daftari halikuonyesha. Katibu wa safari, mtu mpole anayependa karatasi zilizonyooka, aliuchukua mzima mzima. Akiita namba ya jozi, A anamjibia B, "Yupo," na B anamjibia A. Hesabu ikishaitikiwa, wa kuisahihisha ni mwenza peke yake. Jambo hilo lilipigiwa kura kanisani kabla ya safari, likapita bila kupingwa.

Mke wa Mkuu alikuwa fundi cherehani. Kanisani walimwita Mama Mkuu; wateja wake walimwita Fundi, na hilo ndilo jina alilolipenda. Alikubali kuja kuyatazama makanisa ya Wakristo wa kwanza kwa sababu moja tu: Mkuu alimwahidi kwamba huko ng'ambo watakaa wawili na kuzungumza. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na bado alikuwa na mambo ya kumwambia. Tangu ndege ipae Mkuu alikuwa amezungumza sana, lakini na Katibu.

Nje ya lango la mji kulikuwa na barabara ya makaburi. Mwongozaji, mwanamke wa nchi hiyo aliyesema lugha yao polepole na kwa usahihi wa kuudhi, alisimama kwenye jeneza moja la jiwe akawasomea maandishi. Yalikuwa mistari kumi na mmoja. Aliyelazwa humo aliuza mafuta ya taa za kanisani, alisoma maandiko mbele ya waumini, alitoa sakafu ya nyumba ya ubatizo, alisamehewa kodi mara mbili, alipendwa na mji mzima. Mwisho kabisa paliandikwa, pamoja na mkewe.

"Huyo mkewe aliitwa nani?" Fundi akauliza.

"Haikuandikwa."

"Hata herufi moja?"

"Mama, twende," Mkuu akasema, "tunachelewesha watu."

Kundi likateremka. Fundi akabaki. Alivua kofia na beji kwa sababu ya joto, akaviweka juu ya mfuniko, akapiga magoti na kupapasa jiwe kwa kidole kama anavyopapasa mshono, akidhani labda jina liko chini ya kuvu. Halikuwepo. Alipoinuka, kofia na beji havikuwepo pia.

Upande wa pili wa jeneza yule mke alikuwa ametoka. Kwa miaka elfu moja na mia saba hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza jina, na alipoulizwa aliona si adabu kukaa kimya. Lakini kutoka kaburini si kazi ya dakika moja, na alipomaliza kujikung'uta hakumwona Fundi aliyekuwa amepiga magoti ng'ambo. Aliona kofia na beji vimesahauliwa, akaona na watu wenye kofia za namna hiyo wakishuka mteremko. Akavaa kofia ili mikono yake iwe huru, akashika beji, akawafuata amrudishie mwenyewe. Kwenye mlango wa basi Katibu alisoma beji, 3B, akamwonyesha kiti.

"Jozi ya tatu?"

Mkuu alikuwa anafuta picha kwenye simu ili apate nafasi ya picha nyingine. "Yupo," akasema.

Fundi alifika akihema, na dereva akamfungulia. Alikuta kwenye kiti chake mwanamke mwembamba, wa rangi ya chokaa, amevaa kitani kilichochakaa. Chini ya mkoba wa Mkuu, ambao tayari ulikuwa mapajani mwake, alikuwa amekaa wima kabisa.

"Katibu, mbona kiti changu kina mtu?"

Katibu alitazama karatasi. "Mama Mkuu, jozi ya tatu imeshaitikiwa."

"Imeitikiwa na nani?"

"Na Mkuu mwenyewe."

"Basi mwambie ageuze shingo aangalie."

Katibu alikwenda akainama, akanong'ona. Mkuu hakuinua kichwa. "Nimesema yupo. Neno langu halitoshi?"

Neno lake lilikuwa limetosha kwa wanafunzi mia nne. Katibu akaona lingetosha kwa basi. Alimkunjulia Fundi kiti kidogo cha akiba karibu na mlango, kati ya katoni za maji. Fundi aliwatazama wengine, jozi kumi, watu aliowashonea sare za harusi na nguo za msiba. Wote walikuwa wameona. Mama wa kwaya aliangalia dirishani. Mumewe akasema kwa sauti ya chini kwamba ya ndoa waachiwe wenyewe, mtu hachungulii chumba cha watu. Basi likaondoka. Fundi alikuwa na hasira kiasi kwamba hakuona mashamba ya zeituni, ambayo mwongozaji aliyaeleza kwa nusu saa.

Kwenye mabafu ya kale, wakati Mkuu anawaeleza watu jinsi maji yalivyopashwa moto, ingawa mwongozaji alikuwa ameshaeleza, wanawake wawili walikaa kwenye ngazi. Marehemu alizungumza lugha isiyozungumzwa tena na mtu yeyote, lakini Fundi alimwelewa, kwa kuwa habari yenyewe alikuwa anaijua. Mafuta yalikuwa ya baba yake. Sakafu ya ubatizo waliigharimia pamoja, na samaki wa pembeni aliwapanga yeye kwa mikono yake, kijiwe kwa kijiwe, akiwa na mimba ya mtoto wa nne. Mume aliandika maandishi ya kaburi mapema, akiwa mzima, na alipofika mwisho fundi wa mawe alimwambia nafasi imebaki ndogo. Kisha akalitaja jina lake. Lilikuwa refu na zuri. Fundi alilirudia mara tatu mpaka akalishika, kisha akamtajia lake na kazi yake, na marehemu akafuta macho, yakatoka vumbi.

"Chukua vitu vyako, mwenzangu," akasema. "Mimi nilikuwa navirudisha tu."

Fundi alivaa kofia na beji, akapanda basi wa kwanza, akakaa kwenye kiti chake. Mkuu alipanda akisoma kijitabu. Aliketi, akanusa sabuni ya hotelini, akasogea.

"Samahani, mama. Hapa anakaa mke wangu."

"Mimi ndiye mke wako."

"Sawa, mama, lakini hapa pana mtu."

Alisema kwa heshima, kama anavyowasemesha wazazi wa wanafunzi. Macho hayakutoka kwenye kijitabu. Nyuma watu walikuwa wanasubiri kupita, mmoja akakohoa. Fundi aliinuka. Marehemu alirudi kukaa, kwa aibu, na kofia na beji akarudishiwa na Katibu, ambaye hakutaka karatasi yake ipinde.

Hotelini chumba cha jozi ya tatu kilikuwa na vitanda viwili na funguo mbili, na zote zilishachukuliwa. Fundi alipewa kitanda cha kukunja katika chumba cha kufulia. Kwa kuwa hakuzoea kukaa bure, alishona foronya tatu zilizoachia na pindo la pazia, na mhudumu akamletea chai. Chai ilikuwa nzuri. Hiyo haikumpunguzia hasira hata kidogo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mkuu hakungoja. Siku ya pili marehemu alishika mkoba, chupa ya maji na koti, akapiga pasi shati, akasikiliza. Mkuu alimweleza historia ya mji wake mwenyewe, akakosea majina ya barabara na ya baba yake wa ubatizo, naye hakumsahihisha, maana alikuwa amezoea kutosahihisha. Alikula kidogo sana. Mama wa kwaya alimwambia, "Mama Mkuu, safari imekupenda, umepungua." Halafu akamgeukia Fundi aliyesimama hapohapo, akamwambia avumilie, Mungu atamfungulia nafasi.

Siku ya tatu, kwenye uwanja wa nguzo, Fundi alimwendea mumewe ana kwa ana. Jua lilimmulika Fundi usoni. Hakuna cha kusingizia.

"Mzee, niangalie. Niangalie mara moja tu, umwambie Katibu sipo kwenye kile kiti. Basi. Ni neno moja."

Mkuu alikuwa ameinua simu. "Sogea kidogo kulia, mama, unaingia kwenye picha."

Alisogea. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine, kwamba alisogea. Ni mazoea. Kuzungumza na yule mtu kulikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa, na kwa miaka yote ni yeye aliyekuwa akibadilisha nyuzi.

Jioni hiyo waliketi katika kanisa lililochongwa ndani ya mwamba, dari jeusi kwa moshi wa mishumaa ya zamani. Katibu aliomba shuhuda. Mkuu alisimama, akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, mimi nina jambo la kumshukuru Mungu. Safari hii imefufua ndoa yangu. Mke wangu mnamjua, ni mwanamke mzuri, lakini ana maneno. Siku tatu hizi hajanikatiza. Ananisikiliza. Nikimtazama usoni naona amani."

"Amina," wakasema, na mama wa kwaya akaanzisha pambio.

Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni. Alilia, akasimama, akasema kwa sauti, "Huyo si mimi!" Kanisa lile lilichongwa kwa namna ya kukuza sauti, na sauti yake ilizunguka mwamba wote ikarudi kubwa. Wakaitikia tena, "Amina." Marehemu peke yake aligeuka.

Siku ya tano walikwenda uwanja wa ndege. Katibu aliita jozi, zikaitikiwa zote kumi na moja. Pasi za kusafiria alizibeba Mkuu katika mfuko mmoja, zimepangwa mbilimbili kwa mpira. Akazigawa kwa waume, wakapanga foleni. Fundi alisimama nyuma ya jozi ya tatu, mkoba wake mkononi. Aliona kwamba hapa angalau patakuwa na mtu ambaye kazi yake, mshahara wake, ni kutazama nyuso.

Ofisa alikuwa mwanamke mwenye miwani. Alilinganisha picha na marehemu, akalinganisha tena.

"Picha hii ni ya lini?"

"Miaka tisa," Mkuu akasema.

"Watu hubadilika," ofisa akakubali. "Huyu ni mkeo?"

"Ndiyo."

Hapo marehemu aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta, akasema kwa sauti iliyowafanya walinzi wageuke. Alisema kwamba yeye si mke wa huyu. Aliwahi kuwa mke wa mwingine, na amemaliza. Mke wa huyu ni yule pale nyuma, mwenye mkoba wa kahawia, mshonaji, naye amesimama hapo kwa haki yake.

"Anasemaje?" ofisa akauliza.

"Anasema amechoka," Mkuu akajibu.

Ofisa alivua miwani, akamtazama Fundi, akaitazama picha. Muhuri aliuweka chini. "Na huyu je? Mzee, hebu mtazame vizuri huyu mama. Unamfahamu?"

Mkuu aligeuka. Alimtazama mkewe kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka, kwa muda ambao hakuwahi kumtazama tangu siku ya harusi. Fundi alijinyoosha. Alitaka kusema neno, akaogopa kumkatiza.

"Ninamfahamu kwa sura," Mkuu akasema. "Nadhani ni wa kanisani kwetu."

Muhuri uligonga mara mbili. Mkuu akapita, akamkabidhi marehemu koti lake alishike. Marehemu alikwenda akigeuka nyuma, akigeuka tena, mpaka mlango wa kioo ukajifunga.

Nyuma yao jozi nane zilizobaki zilipita moja baada ya nyingine. Wengine walimgusa Fundi bega. Wengine walisema watamwombea. Walipoisha, ofisa alimwita mbele ya kaunta, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alimsemesha taratibu.

"Mama, huna karatasi. Lakini tunaruhusu mtu mmoja akutambue. Yeyote, hata asiwe ndugu. Akikutaja jina na kazi yako, inatosha. Yupo mtu wa namna hiyo hapa?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Yupo mmoja," akasema. "Ameshapita."

Ofisa aliandika jambo kwenye daftari, akamwomba asogee pembeni, akamwita anayefuata.