Visima vya Ramlo

Ramlo alipoteza macho akiwa darasa la sita, homa ilipomwangusha kwao Modogashe, na wengi walidhani dunia yake imefungwa papo hapo. Haikufungwa. Alimaliza shule, akapata kazi ya kupokea simu katika ofisi moja mjini Garissa, na jioni akishaswali aliingia mchezoni.

Mchezo wenyewe haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu. Simu ilimsomea kwamba yuko ukingoni mwa msitu, naye akaandika "nenda mashariki" au "washa moto". Humo humo walikuwamo watu wa Dodoma, wa Lamu, wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera, wakipigana na mazimwi na kupiga soga.

"Mchezo gani huu wa kizee?" kaka yake Deeq alizoea kumtania. "Siku hizi watu wanaona hadi jasho la mchezaji!"

"Wewe unaonyeshwa," Ramlo alimjibu. "Mimi naona."

Mwaka huu wenye mchezo walimwomba aujengee nchi mpya. Ramlo hakwenda mbali, alijenga kwao. Alimsumbua baba yake, Mzee Olow, mfanyabiashara wa mifugo, kwa maswali: ngamia wenye kiu hulia vipi? Kamba ya kisima iliyolowa hunuka nini? Mzee alijibu yote, asijue majibu yanakwenda wapi.

Jumamosi alasiri nchi ile ilifunguliwa. Mzee na Deeq wakaketi chumbani kusikiliza.

Wachezaji walimiminika, wakavuka vumbi jekundu, kiu ikawabana. Wakafika kisimani. "Teka maji," wakaandika. Simu ikasoma: *Wenye kisima wanakutazama. Hakuna anayekupa kamba.*

Mmoja akachomoa upanga, ukamponyoka mkononi. Mwingine akatoa dhahabu, hakuna aliyeipokea. Wakaanza kunung'unika kwamba nchi hii mbovu, na baadhi wakaondoka zao.

"Wape jibu, abaayo," Deeq akamsihi dada yake. "Watakwisha wote."

"Siwapi."

Ndipo kijana wa Hagadera, Abdihafid, akaandika: "Salimia wenyeji."

*Wanakuitikia. Mzee mmoja anakuuliza habari za mvua ulikotoka.*

Abdihafid akaeleza habari za mvua, akauliza za mifugo. Akapewa kamba. Waliobaki walipoona hivyo walisukumana kutoa salamu, na walioondoka wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mtu wa Dodoma aliyekuwa na upanga akaandika kwamba miaka yote amecheza, hajawahi kuona aibu mbele ya kisima.

Mzee Olow alicheka hadi akakohoa. "Huyo wa Hagadera amelelewa!" Kisha akaisogelea simu. "Hebu isome tena ile ya kamba."

Ramlo akairudisha. Simu ikasoma kamba iliyolowa, ndoo ya ngozi, sauti za watu wanaopokezana maji huku wakiimba.

"Ni penyewe," mzee akasema taratibu. "Umeona kuliko sisi tuliokuwa pale."

"Ni maneno yako, aabo."

"Yangu yalikuwa majibu tu. Sasa niingize na mimi humo. Niandikie."

"Niandike nini?"

Mzee akajiweka sawa kitini, akakohoa kama mtu anayesimama barazani. "Andika: Assalaamu aleikum nyote. Mimi ni Olow. Kisima mnachonywea maji amekichimba binti yangu."